Pampu ya Maji Safi

Mtu aliyejua habari za dawa za shambani kuliko wote katika bonde lile alikuwa mkulima mmoja wa nyanya aliyeitwa Profesa, na mtu aliyejua zaidi kwamba Profesa anajua alikuwa Profesa mwenyewe. Jina hilo hakupewa na chuo. Alipewa na wakulima wenzake, kwa sababu hakuna semina ya kilimo iliyopita bila yeye kukaa mstari wa mbele, kofia ya semina iliyotangulia ikiwa kichwani, akijibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Siku hizi akisimulia mwenyewe husema wazi kwamba mwanzoni alikuwa akifuata chai na maandazi. Elimu ilimwingia bila yeye kuitafuta, kama vumbi linavyomwingia mtu aliyejenga kando ya barabara, na kama vumbi lenyewe, ilikaa juu juu tu.

Lakini iliingia, hilo asinyimwe. Ungemwamsha usingizini angekutajia yote kwa mahadhi, kama mtoto anayesoma hesabu za kuzidisha: vaa glavu, barakoa, miwani na gambuti, pima dawa kwa kipimo, usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha, upepo uwe mgongoni, usile, usivute sigara, ukimaliza oga kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake, dawa ikae kwenye chupa yake, ifungiwe mbali na chakula, na baada ya kupuliza subiri siku zilizoandikwa kabla hujachuma.

Kuyatenda hayo, sasa, lilikuwa jambo lingine kabisa. Glavu alikuwa nazo, jozi nzuri aliyogawiwa semina, na mkewe alizitumia kusugulia choo. Dawa zilikaa kwenye chupa za soda chini ya kitanda, upande anaolala yeye, kwa maelezo kwamba hapo mwizi hafiki. Alipima kwa kizibo, na kizibo kikipotea alipima kwa jicho. Alikoroga kwa mkono, akiuzamisha mpaka kwenye kiwiko, akidai kwamba kijiti hakina hisia ila mkono unajua dawa imekolea au bado. Pampu yake ya mgongoni ilikuwa na ufa chini ambao alikuwa ameuziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na mpira nao ulikuwa umechoka, hivyo kila alipopuliza, mgongo ulilowa na maji ya dawa yakamteremka mpaka ndani ya suruali. Yeye alisema yanampunguzia joto.

Mkewe alimuuliza siku moja, huku akianika mashuka, kwa nini hayo anayowafundisha watu hayafanyi yeye.

"Mama Watoto," akamjibu, "hayo ni ya watu wanaoanza. Mimi na dawa tumeshazoeana."

Mkewe akakung'uta shuka jingine. Alikuwa na kitalu chake kidogo nyuma ya jiko, cha nyanya chache na mboga za majani, ambacho alimkataza mumewe asikanyage na pampu yake. Nyumba nzima ilikula kutoka pale. Profesa naye alikula kutoka pale, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Basi msimu ule akaja bibi shamba mpya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno, mwenye pikipiki iliyokohoa kabla ya kuzima. Kazi aliyopewa ilikuwa kupita shamba kwa shamba kuwauliza wakulima wanajua nini kuhusu matumizi salama ya dawa. Wengi walimkimbia. Jirani wa Profesa, mkulima wa kabichi aliyeitwa Kipaza kwa sababu hakujaliwa sauti ya chini, alimwambia kwamba dawa ni kumwaga, wadudu ni kufa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Profesa hakukimbia. Alimvutia bibi shamba benchi kivulini, akamfutia vumbi, akakaa mkao wa mtu anayepigwa picha. Kila swali alilojibu, alijibu na la pili yake ambalo halijaulizwa. Alimweleza mpaka rangi za ule utepe ulioko chini ya kibandiko cha dawa: nyekundu ni sumu kali mno, njano inafuata, bluu nafuu, kijani nafuu zaidi. Bibi shamba aliacha kuandika akawa anamtazama tu.

"Baba, nimezunguka bonde zima," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza ambaye hajakosa hata kitu kimoja."

"Tunajitahidi," Profesa akasema, kwa ile sauti ya unyenyekevu ambayo mtu huitoa akiwa amevimba kichwa hadi kofia inambana.

"Naweza kuona unapohifadhi dawa zako?"

"Ningekuonyesha mara moja. Tatizo ufunguo wa stoo anao mke wangu, naye ameenda sokoni."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, sufuria mkononi. Aliangaliana na bibi shamba juu ya kichwa cha mumewe, akarudi ndani taratibu. Stoo yenyewe haikuwepo.

Bibi shamba hakulifuatilia. Akamwambia alichokuwa akikitafuta. Wakulima, alisema, hawamsikilizi ofisa anayekuja na pikipiki na kuondoka, wanamsikiliza mwenzao. Angependa kuwaleta wakulima wa bonde katika shamba la Profesa, yeye mwenyewe avae mavazi kamili ya kinga na kuwaonyesha hatua kwa hatua jinsi mtu anavyopuliza. Mavazi angeleta bibi shamba, na pampu mpya angeleta yeye. Dawa haitahitajika.

"Tutatia maji safi tu," akasema. "Tunafundisha mavazi na mwendo. Sitaki mtu yeyote apatwe na kitu kwenye somo langu."

Profesa akakubali kabla sentensi haijafika mwisho.

Siku ya somo ilipofika, aliamka kukiwa bado na kiza kidogo, akaenda kutazama shamba kwa macho ya mgeni. Akaona aibu. Viwavi walikuwa wameingia kwenye tuta la mbele, lile lile ambalo watu wangesimama kando yake. Majani yalikuwa na michirizi myeupe kama yaliyochorwa kwa chaki, na nyanya kadhaa zilikuwa na matundu karibu na kikonyo. Profesa wa dawa hawezi kupokea wageni akiwa na viwavi. Akarudi ndani mbio, akapapasa chini ya kitanda, akatoka na chupa mbili za soda. Moja alikumbuka ni ya nini. Nyingine alikumbuka kwamba ilikuwa kali.

Alizichanganya zote mbili. Alikoroga kwa mkono. Alivaa kandambili na shati lake la kawaida, akatwika pampu yenye ufa, akaingia matutani upepo ukimjia usoni, maana kugeuka na kuanzia upande wa pili kungemchelewesha. Katikati ya tuta nozeli ikaziba. Akaifungua, ule mdomo mdogo wa shaba unaotawanya dawa, akaitia kinywani, akaipuliza kwa nguvu mpaka ikatoa mluzi. Akatema pembeni, akairudisha, akaendelea. Jambo hilo alikuwa amelifanya mara nyingi kiasi kwamba hakujua anapolifanya, kama vile mtu asivyojua anapopepesa macho.

Alikuwa anamalizia tuta la mwisho aliposikia pikipiki inakohoa barabarani. Akaitupa pampu nyuma ya choo. Akavua shati lililolowa, akajifutia mgongo kwa shati hilo hilo, akalisukumia chini ya benchi kwa mguu. Wakati wa kuoga haukuwepo. Akatoka kifua wazi kumpokea mgeni wake, akimwambia kwamba ndiyo kwanza ametoka kufanya mazoezi ya viungo.

Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Kipaza alikuja, akasimama mbele. Bibi shamba alitoa mavazi kwenye mfuko, moja moja, na Profesa akayavaa akieleza kwa sauti: ovaroli ndefu ya plastiki nyepesi, gambuti, suruali juu ya gambuti si ndani, glavu, miwani, barakoa yenye vichujio viwili kama pua za nguruwe. Watu walicheka kidogo, yeye akajiona mrembo. Pampu mpya ilijazwa bombani mbele ya wote, bibi shamba mwenyewe akikinga. Ilikuwa maji, na kila mtu aliona ni maji.

Akaanza kutembea matutani. Upepo ulikuwa mgongoni kwake, safari hii. Alitembea kwa madaha, akisimama mahali pa kusimama, akieleza kupitia barakoa kwa sauti iliyotoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Jasho lilikuwa la kwanza. Halikumshangaza, ndani ya plastiki jua likiwa limepanda. Halafu mate. Yalimjaa kinywani akayameza, yakajaa tena, akameza tena, hadi akawa na kazi mbili, kueleza na kumeza, na ya pili ikawa inaishinda ya kwanza. Machozi yakaanza kumtoka bila huzuni yoyote. Kope la jicho la kushoto likawa linacheza peke yake. Tumbo likamkata, likatulia, likamkata tena kwa namna iliyomfanya asimame ghafla na kubana magoti.

"Hapa," akawaambia watu, "mkulima anasimama, anatafakari."

Watu wakatikisa vichwa. Kipaza akamweleza aliyekuwa kando yake kwamba kutafakari nako ni muhimu.

Profesa alijikaza kisabuni. Alikuwa amejua tayari. Hilo huwa halifichi anaposimulia. Dalili zile alikuwa akizifundisha kwa mahadhi, kwa mpangilio huo huo: jasho, mate, machozi, kope, tumbo. Alikuwa akizisikia zikimjia mwilini moja baada ya nyingine kama wanafunzi wanaoitwa majina, na kila moja ikiitika. Angeweza kuvua barakoa na kusema. Alichofikiri badala yake ni kwamba tuta limebaki fupi, na kwamba akifika mwisho watu watampigia makofi.

Hakufika. Miguu ilimlegea, akapiga magoti kati ya nyanya, akaanguka kifudifudi na pampu ya maji safi juu yake.

Kipaza ndiye aliyembeba kwenda zahanati, amempakata kwenye pikipiki ya bibi shamba kati yake na mwenye pikipiki, Profesa akiwa bado na gambuti na ovaroli. Njia nzima Kipaza alikuwa akiwaeleza waliosimama kando ya barabara kilichotokea, bila mwendo kupungua, na wote walimsikia.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha kuona wagonjwa na kingine cha vitanda, kilichogawanywa kwa pazia la kijani. Tabibu, kijana mwenye mikono ya haraka, alimlaza, akamfunua kope na kummulika.

"Mboni zimekuwa kama ncha ya sindano," akasema. "Huyu amepata sumu ya dawa ya wadudu. Mzee, umepuliza dawa gani leo?"

Profesa alifungua macho. Juu yake aliona nyuso tatu kwa ukungu: ya tabibu, ya Kipaza, ya bibi shamba. Kati ya hizo, mbili zilikuwa nyuso za watu ambao asubuhi ile walimwona akiwa kwenye kilele cha heshima yake.

"Maji tu," akasema.

Tabibu akamgeukia bibi shamba. Naye akasema kweli: pampu aliijaza yeye, bombani, na watu waliona. Kisha Profesa akaona mkono wa bibi shamba unapanda mdomoni.

"Isipokuwa pampu," bibi shamba akasema polepole. "Niliambiwa ni mpya. Sikuifungua kuikagua. Labda ilishatumika, labda kulikuwa na masalia ya dawa ndani. Daktari, kama ni hivyo basi kosa ni langu, na uandike hivyo."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa Profesa kusema. Anakiri kwamba alifungua mdomo. Kilichotoka ni mate.

"Si pampu," Kipaza akasema, na zahanati nzima ikajua. "Ni hayo manailoni mliyomvisha. Mtu anapumuaje na vile vidubwasha puani? Nyinyi mmemchemsha huyu kama kiazi." Akatoka nje kwa hasira kurudi kijijini, na habari hiyo akaondoka nayo.

Mke wa Profesa aliingia muda mfupi baadaye, anahema, ametembea kwa miguu. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Hakumsalimu mumewe. Alimpa tabibu mfuko, akamwambia aufungue mbali na uso. Ndani kulikuwa na lile shati, na harufu yake ilijaza chumba kwa kishindo.

"Alipuliza kabla hawajaja," akasema. "Alichanganya mbili. Zote ziko kwenye chupa za soda, kwa hiyo majina siwezi kukutajia, na usimuulize yeye maana naye hayajui. Mkono aliutia ndani. Nozeli iliziba, nikamwona dirishani anaipuliza kwa mdomo. Na hakuoga."

Tabibu aliitazama ovaroli. Akaifungua zipu. Mgongo wa Profesa, chini ya plastiki, ulikuwa bado na unyevu wa alfajiri.

"Kwa hiyo," tabibu akasema, "hii nguo ya kinga ilikuwa inaikinga dawa isimtoke."

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Profesa alikuja kucheka baadaye, na mpaka leo hilo ndilo analoanza nalo akisimulia: kwamba yeye ndiye mkulima wa kwanza kuvaa mavazi ya kinga kwa ajili ya kuilinda sumu. Lakini pale kitandani alivuliwa kila kitu, akaoshwa kwa sabuni toka kichwani mpaka unyayoni, hadi ndani ya masikio, na mkewe na muuguzi ambaye aliwahi kukaa naye semina moja. Akachomwa sindano, na nyingine, na nyingine, hadi mate yakakauka na kinywa kikawa kama mchanga. Dawa hiyo ikampanda kichwani kidogo. Mkewe anasema kwamba mchana ule mumewe alikaa kitako, akalifundisha pazia la kijani matumizi salama ya dawa, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea neno, kisha akaliuliza kama lina swali.

Alipopata nafuu akarudishwa nyumbani, alikuta heshima yake inamsubiri. Haikuwa na hata mkwaruzo. Bonde zima lilikuwa limepokea habari kwa mdomo wa Kipaza, na habari yenyewe ilikuwa kwamba Profesa, mtu mwenye elimu yake, karibu auawe na mavazi ya kinga. Watu walikuja kumpa pole na kukaa naye benchini. Mmoja alisema alikuwa na glavu amezigawa. Mwingine alisema barakoa yake sasa anamfungia mbuzi asile mahindi. Walimwita shujaa. Profesa alipokea pole zote kwa kichwa kilichoinama, na kuinama huko watu walidhani ni unyonge wa ugonjwa.

Alichongoja kila siku ni bibi shamba aseme. Alijua ukweli wote. Alikuwepo chumbani mfuko ulipofunguliwa. Lakini bibi shamba hakusema. Alipita na pikipiki yake, akaitisha mikutano isiyohudhuriwa, akaambiwa mbele ya uso wake kwamba yeye ni muuaji, akasema tu, "Poleni kwa mliyoyaona," akawasha pikipiki. Mke wa Profesa alimuuliza kwa nini asiwaambie watu. Akajibu kwamba ya mgonjwa na daktari wake si yake kuyatangaza, na kwamba mwenye habari yupo, mzima wa afya.

Mkewe alimfikishia maneno hayo mezani, akimpakulia chakula, bila kuongeza lake. Profesa alikula kidogo siku hiyo.

Aliyemmaliza, hata hivyo, ni Kipaza. Alikuja jioni moja, akavuka uzio, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akazungumza kwa sauti ya kawaida ya binadamu.

"Nimekuja kukushukuru, ndugu yangu," akasema. "Mke wangu siku hizi ndiye anayepuliza kabichi, mimi mgongo hauniruhusu. Nilikuwa nimekata shauri nimnunulie vile vinguo, ovaroli na kila kitu. Nilishafika dukani. Nikakukumbuka ulivyoanguka, nikarudi. Umetuokoa."

"Na sasa anapulizaje?" Profesa akauliza.

"Kama wewe na mimi tulivyozoea. Jana alilalamika kichwa na kutapika, nikamwambia ni jua."

Profesa alimtazama jirani yake. Anasema alijisikia kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, kisha akasikia mlango wenyewe unamshukuru. Akasimama.

"Mpeleke zahanati," akasema. "Mpeleke sasa hivi, na umwambie tabibu amepuliza nini. Na aende na kibandiko cha dawa, usimfanye mkeo aanze kubebea watu mashati."

"Kwani vipi?"

Basi Profesa akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama, kwa haraka, akiangalia kabichi. Kipaza alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kuaga, na muda si muda pikipiki ya kukodi ikasikika mbele ya nyumba yake. Mke wa Kipaza hakuwa ameumia sana. Alioshwa, akaangaliwa, akarudi akiwa na jina la mumewe mdomoni na maneno mengine ambayo hayafai kurudiwa.

Mkutano uliofuata wa bibi shamba ulifanyika kwenye kibanda cha kupakia nyanya, kati ya matenga. Walikuja wachache, na waliokuja walikuja kwa sababu Kipaza alipita akitangaza kwamba Profesa ana jambo. Profesa alikuja na pampu yake ya zamani, ile yenye ufa, iliyooshwa mara nyingi kwa sabuni na kujazwa maji.

"Siku ile niliwaonyesha jinsi mtu anavyopaswa kupuliza," akasema. "Leo nitawaonyesha jinsi ninavyopuliza."

Akawaonyesha. Alivaa shati na kandambili. Alizamisha mkono kwenye ndoo hadi kiwikoni, akafumba macho kama anayesikiliza, akatangaza kwamba imekolea. Alitwika pampu, maji yakamteremka mgongoni mbele yao wote, naye akatembea kwa madaha yake yale yale kati ya matenga. Alifungua nozeli, akaitia kinywani, akaipuliza. Alivua shati, akajifutia nalo mgongo, akaomba ovaroli kwa bibi shamba, akaivaa juu ya mgongo uliolowa, akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Halafu mtu huyu," akasema, "akiulizwa na daktari, anasema: maji tu."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Watu walicheka hadi wengine wakashika matenga. Profesa alisimama ndani ya plastiki akingoja kiishe, na alipoona hakiishi akacheka naye. Kilipopungua, mkulima mmoja wa pilipili, mama mtu mzima, akasema kwa sauti ndogo, "Nozeli mbona hata mimi naipuliza."

Watu wakatazamana.

"Mimi pia," akasema mwingine.

"Dawa yangu naihifadhi kwenye chupa ya mafuta ya kupikia," akasema wa tatu, "na kuna siku nusura."

Yakatoka mengi, moja likivuta jingine, kila mtu akitaka lake liwe la kijinga kuliko la mwenzake. Kipaza alisimama akataka kusema lake, akashindwa kuchagua. Bibi shamba alikaa juu ya tenga lililopinduliwa akisikiliza, kalamu mkononi, wala haandiki. Kisha akatoa kwenye mkoba chupa tupu ya dawa iliyooshwa, akamkabidhi Profesa, akamwomba awasomee maelekezo yake.

Profesa aliinyanyua. Akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu, akaigeuza kuelekea mwanga. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.

"Sioni," akasema. "Kusema kweli ni miaka sioni. Yote niliyokuwa nawaambia ni ya semina."

Chupa ikapitishwa. Wengi hawakuona. Aliyeona ni yule mama wa pilipili, akiwa ameikodolea jicho moja, akawasomea polepole, na walipofika kwenye siku za kusubiri kabla ya kuchuma, watu wakaanza kuhesabu kwa vidole na nyuso zao zikabadilika.

Tangu siku hiyo wengi walimwita Maji Tu, na jina la Profesa likabaki kwa watoto ambao hawakuwa wamepata habari. Wakulima wa bonde walinunua kwa pamoja seti kadhaa za mavazi, na zikawa zinazunguka kwa zamu. Si wote wanaozivaa. Kipaza humvisha mkewe kwa sherehe kubwa na kusimama pembeni akimpigia kelele kuhusu upepo. Nyumbani kwa Maji Tu kuna sanduku la chuma lililofungiwa kwenye ukuta wa nje, na ufunguo, kweli sasa, anao mkewe. Alinunua miwani ya kusomea. Msimu wa kwanza alikosea hesabu ya kusubiri, nyanya zikaiva kabla ya siku kutimia, akazichuma kwa uchungu akazifukia, huku akimwambia kila aliyepita kwamba hii elimu ikiingia sana inauma.

Na mavazi yana joto, hilo hakuna anayemdanganya mwenzake. Asubuhi moja alikuwa matutani, upepo mgongoni, jasho linamtiririka ndani ya ovaroli, na pua inamwasha chini ya barakoa kwa namna ya kumtoa mtu machozi, ya kawaida safari hii. Kipaza akamwita kutoka ng'ambo ya uzio, akamuuliza kama amesikia habari za bei. Maji Tu alisimama, akapeleka mkono wenye glavu kwenye barakoa aishushe ajibu.

Mkewe alikuwa ameketi kivulini, mbali, akipanga matenga. Hakusimama, wala hakupaza sauti.

"Kwanza malizia tuta," akasema. "Halafu uoge. Bei haikimbii."

Mkono ukashuka. Akamwonyesha Kipaza ishara ya kungoja, akakunja pua mara kadhaa ndani ya barakoa bila kupata nafuu yoyote, akaendelea na tuta.